Ska ya Marekani kabla haijaingia redioni

Ndugu wapiga muziki na wapenzi wa muziki, asanteni kwa kuja.

Ukitaja ska ya Marekani, tawi la muziki wa dansi uliozaliwa Jamaika, wengi hukumbuka mwaka 1997. Ndipo "The Impression That I Get" wa Mighty Mighty Bosstones ulipokuwa ukipigwa redioni asubuhi hadi usiku, huku Tragic Kingdom ya No Doubt, iliyotoka 1995, ikiwa bado inauzwa kama njugu. Mwaka huo sitaukalia sana. Nitakaa kwenye miaka kama kumi na minane iliyoutangulia, maana kazi yenyewe ilifanyika humo. Ilifanywa na bendi zilizoanza baina ya 1979 na 1987, ambazo mwanzoni hazikuwa na redio wala kampuni, na nyingine hazikuwa hata na mpuliza tromboni. Waasisi hao hawakuubuni mdundo. Mchango wao ni mambo mawili: waliigeuza dramu, na walijenga njia ya kuuza santuri bila kumsubiri mtu. Ninayosema leo yote yanaangukia kwenye mojawapo ya hayo.

Jamaika nitaipitia haraka, ila hatuwezi kuiruka.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 watu wa Kingston walicheza mitaani kwenye mitambo mikubwa ya muziki, wakipigiwa santuri za rhythm and blues kutoka Marekani. Ziliwafikia pia kwa mawimbi ya redio za Miami na New Orleans. Rosco Gordon wa Memphis alirekodi "No More Doggin'" mwaka 1952, piano yake ikigonga katikati ya mapigo badala ya kuyaangukia. Marekani ilipohamia rock and roll, santuri za aina hiyo zikaadimika. Wenye mitambo, kina Clement Dodd aliyeitwa Coxsone na Duke Reid, wakaona heri warekodi za kwao. Waliowaita studio walikuwa wapiga jazi, wengi wao wamefundishwa kupuliza katika shule ya watawa ya Alpha: Don Drummond kwenye tromboni, Tommy McCook kwenye saksafoni. Mwaka 1964 wakawa bendi, The Skatalites. Bendi ilivunjika mwaka uliofuata, lakini mdundo ulikuwa umeshakamilika.

Sasa hapa pana swali ambalo watu hulipita. Mwaka 1964 huohuo Millie Small, binti wa Kijamaika, alirekodi "My Boy Lollipop" mjini London, na gwiji wa gitaa Ernest Ranglin ndiye aliyeupanga muziki. Wimbo ulikuwa wa New York. Barbie Gaye alishauimba mwaka 1956. Wa Millie ukapanda hadi namba 2 Marekani. Mwaka huo pia serikali ya Jamaika ilipeleka wanamuziki kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York: Byron Lee na bendi yake, Jimmy Cliff, Prince Buster, na Millie mwenyewe. Kwa nini basi Marekani haikuzaa bendi za ska hapohapo?

Jibu langu ni kwamba kilichosafiri ni wimbo na mtindo wa kucheza, wapigaji hawakusafiri. Byron Lee alikuwa na bendi nadhifu ya hotelini. Skatalites, wenye mdundo wao, waliachwa Kingston. Kijana wa Brooklyn au Detroit aliona miguu inavyokwenda, ila hakumwona mpiga dramu Lloyd Knibb akifanya kazi kwa karibu. Mdundo huu hauchukuliki kwa kutazama miguu. Hadi 1968 Jamaika yenyewe ilikuwa imeshaiacha ska, ikapitia rocksteady, mdundo wa polepole zaidi, na kuingia reggae.

Uliorudisha mambo ulikuwa mji wa viwanda vya magari wa Coventry, Uingereza. Jerry Dammers wa The Specials alianzisha lebo ya 2 Tone mwaka 1979, na kwa muda mfupi zikatoka Madness, The Selecter na The Beat. Mwaka 1980 The Specials walipiga kwenye Saturday Night Live, kipindi cha televisheni cha Marekani, na kwa vijana wengi wa Marekani huo ndio usiku walioiona ska kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo walijifunzia kwenye toleo la pili: ska iliyokwisha kuchanganywa na punk, ile rock ya mbio na ukali, yenye kasi zaidi, gitaa kali zaidi na suti nyembamba. Likumbukeni hilo, linaeleza karibu kila kilichofuata.

Los Angeles ilitangulia kidogo. Boxboys walikuwa na santuri tayari mwaka 1980. The Untouchables wakafuata 1981, bendi ya weusi, weupe na Walatino. Walijijenga katika O.N. Klub mtaa wa Silver Lake, wakaonekana kwenye filamu ya Repo Man mwaka 1984, kisha wakachukuliwa na Stiff Records ya London. "Free Yourself" yao iliingia chati ya Uingereza mwaka 1985. Bendi ya Marekani kuwauzia Waingereza mdundo uliotoka Jamaika si jambo dogo, na inasikitisha kwamba jina lao halitajwi sana siku hizi. Chicago ilikuwa na Heavy Manners tangu 1980, Kate Fagan akiimba, na nguli wa reggae Peter Tosh alifika hatua ya kuwasimamia studio.

Halafu Fishbone. Walianza Los Angeles mwaka 1979 wakiwa bado watoto wa shule. Wengi wao walipelekwa kwa basi kutoka South Central hadi shule za San Fernando Valley, katika mpango wa kuchanganya wanafunzi wa rangi tofauti. Huko walikutana na Angelo Moore, aliyekuwa akiishi upande huohuo wa Valley. Santuri yao ya kwanza ilitoka Columbia mwaka 1985, na humo mna "Party at Ground Zero". Isikilizeni na kalamu mkononi. Sehemu moja ni ska, inayofuata ni fanki, kisha ala za kupuliza zinaingia kama bendi ya gwaride, na vipande havikwaruzani. Siri ni ndugu wawili wa familia ya Fisher, Norwood kwenye besi na Philip kwenye dramu, waliopiga pamoja tangu utotoni. Bendi nyingi za baadaye zilijaribu mchezo huo zikaanguka, kwa sababu ziliuiga mchanganyiko zikasahau kwamba chini yake lazima wawepo wawili wasioyumba. No Doubt, walioanza Anaheim mwaka 1986, walikua wakiwatazama hawa.

Mashariki, mwenye nyumba alikuwa Robert Hingley, anayeitwa Bucket: Mwingereza aliyehamia New York na kufanya kazi katika duka la vitabu vya katuni, Forbidden Planet. Mwaka 1981 alikusanya watu, na onyesho la kwanza wakalipiga kwa jina la Not Bob Marley kabla hawajawa The Toasters. Mwaka 1983 alianzisha lebo ya Moon ili atoe santuri yake mwenyewe. Mwaka 1985 Joe Jackson, mwanamuziki aliyekuwa na jina kubwa wakati huo, aliwasimamia studio kwa jina la bandia. Mwaka 1986 Moon ikatoa mkusanyiko ulioitwa NY Beat: Hit and Run, wenye bendi kadhaa za New York kwenye santuri moja.

Mkusanyiko ule ndio ninaotaka tuufungue, maana ndani yake mna hesabu. Kutengeneza santuri kuna gharama zisizobadilika: kukata sahani mama, kutengeneza chapa za chuma, kuchapa jalada. Utoe nakala 300 au 1,000, gharama hizo ni zilezile, ndiyo maana nakala 300 humwumiza mwenye nazo. Bendi moja changa haina wanunuzi 1,000. Bendi nane, kila moja ikiwa na mashabiki 150, zinawakusanya 1,200 bila tangazo la redio. Zaidi ya hapo, shabiki wa bendi moja analazimika kuzisikia saba nyingine. Bucket aliendelea na mkakati huo hata lebo ilipokua: Skarmageddon ya 1994, California Ska-Quake ya 1995. Kijana wa mji usio na bendi hata moja ya ska alipata kwa bei ya albamu moja orodha ya nani anapiga wapi. Akitaka kumwalika mtu kwao, alishajua wa kumwandikia.

Naye huyo wa kualikwa alikuwa na tatizo lake. Bendi ya ska hubeba gitaa, besi, kinanda, dramu, mwimbaji na wapuliza watatu: watu wanane. Tuseme ukumbi unalipa dola 200. Bendi ya punk ya watu wanne kila mmoja anapata 50. Ya ska kila mmoja 25, na petroli bado. Fundi mitambo wa klabu ana maikrofoni za watu wanne. Wapuliza watatu wanapewa moja, wanabanana mbele yake, tarumbeta inammeza mwenye saksafoni. Dawa ni kumsogeza mwenye tarumbeta nyuma hatua moja na kumgeuza pembeni kidogo, kisha mwenye saksafoni akae karibu kabisa. Watu husahau, halafu humlaumu fundi.

Sasa dramu. Hesabuni nami: moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Gitaa la ska linapiga kwenye kila "na", mkono ukienda juu, nyuzi tatu au nne nyembamba tu. Sauti ikatwe papo hapo kwa kulegeza vidole vya mkono wa kushoto bila kuviondoa kwenye nyuzi. Ukiacha kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, iendelee kulia, umeharibu, kwa sababu ule ukimya katikati ndio unaomfanya mtu ainue mguu. Besi inatembea, noti kwa kila hesabu, kama kwenye jazi. Katika mtindo wa Kingston, Lloyd Knibb aliweka dramu kubwa na pigo la ukingo wa snea, ile dramu ndogo yenye sauti kali, pamoja kwenye mbili na nne. Moja na tatu hakuna kitu kizito; besi ndiyo inayoshika. Kasi ni kama mapigo 120 kwa dakika, na mwili unahisi unavutwa nyuma kidogo.

Waamerika wengi walikulia kwenye rock, na mpiga dramu wa rock ameshazoea dramu kubwa kwenye moja na tatu, snea kwenye mbili na nne. Wakaiacha hivyo. Papo hapo uzito ukahamia mbele: mdundo unasukuma badala ya kuvuta. Wapo wanaosema kwa hiyo si ska. Siwaungi mkono, ila nakiri wamegusa mahali pa kweli, kwa sababu badiliko hilo moja lilifungua mlango wa punk. Ukishakuwa na dramu ya kusukuma, kasi inapanda yenyewe: 140, 160, 180.

Kwenye 180 linatokea jambo ambalo kila bendi changa hugonga nalo kichwa. Mpiga dramu wa punk akizidisha mwendo mara mbili, snea inahamia kwenye kila "na". Hapo ndipo gitaa lilipokuwa limekaa. Snea ni kali kuliko gitaa safi, kwa hiyo gitaa linapotea. Unalipandisha sauti, linaanza kukwaruza. Unalipandisha tena, mwimbaji hasikiki.

Operation Ivy wa Berkeley walilitatua hilo kwa namna iliyogeuka kanuni. Waliishi miaka miwili tu, kuanzia Mei 1987 hadi Mei 1989, makao yao yakiwa ukumbi wa 924 Gilman Street, uliofunguliwa mkesha wa mwaka mpya wa 1987 na kuendeshwa na watu wa kujitolea. Walikuwa wanne: Jesse Michaels akiimba, Tim Armstrong gitaa, Matt Freeman besi, Dave Mello dramu. Kwenye beti, gitaa safi, linakatwa, dramu inaacha nafasi. Kwenye kiitikio, gitaa linaachwa likwaruze, mkono unashuka badala ya kupanda, dramu inakwenda mbio. Snea na gitaa hazigombei kiti tena kwa kuwa zinapeana zamu. Na kwa kuwa karibu nyimbo zote hazina ala za kupuliza, besi ya Freeman ilibeba melodia ambayo kwa kawaida ingekuwa ya tromboni. Mtaona faida ya pili: watu wanne, si wanane. Ile hesabu ya dola 200 ikabadilika, ziara ya nchi nzima ya 1988 ikawezekana.

Santuri yao ya inchi 7, Hectic, ilikuwa na nyimbo sita. Ukijaza nyimbo nyingi kwenye santuri ndogo, mifereji inabanwa na sauti inashuka. Walikubali, kwa sababu bei ilibaki ya santuri ndogo. Albamu, Energy, walijaribu kwanza kuirekodi ndani ya Gilman penyewe, matokeo hayakuwaridhisha, wakairudia studio San Francisco na Kevin Army. Kwa jumla, ukumbi wenye mwangwi ni adui wa ska. Punk inaweza kuogelea kwenye mwangwi, lakini mkato wa gitaa ukijaa mwangwi, ule ukimya niliousema unazibwa. Anayerekodi kwa bei ndogo aanzie hapo: mablanketi ukutani, kikuza sauti cha gitaa kwenye chumba kidogo, kabla hajafikiria maikrofoni ya bei.

Onyesho lao la mwisho lilikuwa Gilman, tarehe 28 Mei 1989, na miongoni mwa waliopiga usiku ule walikuwa vijana waliokuwa wamebadilisha jina lao karibuni kuwa Green Day. Armstrong na Freeman baadaye wakaunda bendi ya Rancid.

Boston ilikwenda njia nyingine. Bim Skala Bim, tangu 1983, walibaki na ala za kupuliza na ulaini. Bosstones, mji uleule, waliweka gitaa la hardcore, punk iliyo kali zaidi, chini ya matarumbeta, wakaongeza mtu ambaye kazi yake jukwaani ilikuwa kucheza tu. Msimcheke. Ukumbini ambako nusu ya watu hawajui ska inachezwaje, Ben Carr alikuwa mwalimu wa bure.

Bosstones wanatuleta kwenye tatizo la ufunguo, ambalo limevunja bendi nyingi kuliko ugomvi wa pesa. Mpiga gitaa wa punk anapenda E na A, kwa sababu ya nyuzi zilizo wazi. Tarumbeta na saksafoni ya tenor ni ala za B flati: E ya gitaa kwao ni F shapu, yenye shapu sita, yaani alama sita za kupandisha noti. Kwa saksafoni ya alto ni C shapu, shapu saba. Mpuliza aliyetoka bendi ya shule akiwekewa hiyo kwa mapigo 180 atakosea, na kosa la ala ya kupuliza halifichiki. Hamieni B flati au F. Mpiga gitaa atalalamika kwamba lazima abane nyuzi zote kwa kidole cha kwanza. Mwambieni ndivyo ska inavyotaka: kodi iliyobanwa yote inakatika ukilegeza vidole, yenye uzi ulio wazi haikatiki.

Wazee hawakukaa pembeni. Skatalites walirudiana kwenye Reggae Sunsplash mwaka 1983, baadaye wakawa wanazunguka Marekani. Mwaka 1993 ziara ya Skavoovie iliwaweka pamoja na Selecter, Special Beat na Toasters. Hatimaye vijana wakapata kile kilichokosekana 1964: kumtazama Knibb akipiga. Hepcat wa Los Angeles na Slackers wa New York ni matunda ya upande huo. Hawa waliirudisha dramu kwenye mbili na nne, kasi ikashuka, na sauti za kuitikia zikapata nafasi. Hao wengine wa mbio ndio waliouza zaidi. Kwangu mimi Hepcat ndio wanaosikilizika bado bila kuhitaji kuomba radhi kwa niaba ya miaka ya tisini.

Kisha pesa ikaja, na namna ilivyoondoka inafundisha. Duka la Marekani lilichukua CD kwa mali kauli: ziuzwe au zirudishwe. Wakati wa neema, msambazaji anaagiza 20,000, lebo inalipa kiwanda leo, inasubiri malipo miezi kadhaa. Upepo ukigeuka, kama ulivyogeuka baada ya 1998, maboksi yanarudi. Fedha ya kiwanda imeshakwenda, mauzo yaliyoandikwa kwenye daftari yanafutwa. Lebo kubwa inafidia kwa muziki mwingine. Lebo ya ska peke yake haina mwingine. Moon, iliyokuwa na hata duka lake New York, ilifungwa mwaka 2000. Bucket akaanzisha nyingine, Megalith, ndogo zaidi.

Mlinganisheni na Mike Park wa Skankin' Pickle, California. Mwaka 1996, ska ikipaa, alianzisha Asian Man Records katika gereji ya wazazi wake, na akabaki gerejini hata alipoweza kutoka. Mwaka 1998 aliandaa ziara ya Ska Against Racism, bendi kadhaa kwenye safari moja, Kemuri wa Japani wakiwemo. Lebo ipo hadi leo, kwa sababu nakala chache humaanisha chache za kurudishwa, na gereji ya mzazi haina kodi.

Nimemaliza upande wa maneno. Vyombo vipo tayari hapo nyuma, tupige wimbo mmoja mara mbili. Mara ya kwanza kwa mapigo 120, dramu kubwa na ukingo wa snea kwenye mbili na nne; mara ya pili 160, dramu ya rock, gitaa lilelile bila kubadilisha kitu. Gitaa likianza kupotea mara ya pili, msiongeze sauti. Mpiga dramu apunguze haihati, yale matoazi mawili ya mguu, kwanza. Mwenye tarumbeta, hatua moja nyuma, tafadhali. Ufunguo ni B flati.